Chuo Kikuu Kinavyoonekana kutoka Bashay: Dhima, Udahili na Mavuno ya Utafiti

Muhtasari unaotolewa kila mwaka na chuo kikuu cha utafiti, yaani chuo ambacho walimu wake wanatakiwa kuzalisha maarifa mapya na kuyafundisha kwa wakati mmoja, huwa na vipengele vitatu vinavyojirudia: dhima ya chuo, idadi ya wanafunzi waliodahiliwa, na utendaji unaopimwa kwa wahitimu, machapisho na fedha za miradi. Vipengele hivyo hupangwa katika kurasa chache kana kwamba vilizaliwa siku moja, ilhali kila kimoja kimetokana na mabishano yake, sera zake na watu wake. Insha hii inafuatilia historia ya vipengele hivyo kwa kukitazama hasa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilicho kikongwe kuliko vyote nchini Tanzania, na kuisoma historia hiyo kutoka mahali palipo mbali na kilima chake cha Mlimani, yaani Bashay na vijiji vingine vya nyanda za Mbulu na Hanang mkoani Manyara. Eneo hilo limechunguzwa na wasomi kwa zaidi ya karne moja, na kwa sababu hiyo linadhihirisha vizuri tofauti iliyopo kati ya chuo kuichunguza jamii na chuo kuihudumia.

Utafiti kabla ya chuo

Nyanda za Mbulu na Hanang ziliwavuta wasomi mapema kwa sababu ya wingi wa tofauti zilizokusanyika mahali pamoja. Wairaqw, ambao ndio wengi katika Mbulu, wanazungumza lugha ya Kikushi. Wabarbaig, walio tawi la Wadatooga, wanazungumza lugha ya Kinilo. Majirani wa kusini na magharibi, kama vile Wanyaturu na Wanyiramba, wanazungumza lugha za Kibantu. Na Wahadza wa bonde la Yaeda na ufuko wa Ziwa Eyasi wanazungumza lugha yenye vidoko, yaani sauti zinazofyatuliwa kwa ulimi, ambayo wanaisimu hawajaithibitishia udugu na lugha nyingine yoyote. Ni nadra sana barani Afrika kukuta wakulima, wafugaji na wawindaji wa asili tofauti kiasi hicho wakiishi katika mwendo wa siku chache kwa miguu.

Mwanajiografia wa Kijerumani Fritz Jaeger alizunguka nyanda hizo katika safari yake ya mwaka 1906 na 1907, akaandika kitabu kikubwa juu ya milima na kreta za kaskazini. Katika miaka ya 1930, msafara wa Ludwig Kohl-Larsen ulichimba katika pwani ya Ziwa Eyasi, ukiwemo mwamba wa Mumba, na kukusanya masalia ya binadamu wa kale, zana za mawe na hadithi za Wahadza, na sehemu kubwa ya mkusanyo huo ikahifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Tübingen. Wasomi hao walilelewa katika mfumo wa chuo kikuu ulioanzia Berlin mwaka 1810 kwa mawazo ya Wilhelm von Humboldt, mfumo uliounganisha ufundishaji na uchunguzi na baadaye ukaigwa duniani kote. Kwa upande wa Mbulu, mfumo huo ulikuwa na mwelekeo mmoja tu: maswali yalitoka Ulaya, vielelezo vikaenda Ulaya, na majibu yakachapishwa kwa lugha ambazo wenyeji hawakuzisoma.

Serikali ya kikoloni ya Waingereza iliongeza aina ya pili ya utafiti, ule unaotangulia amri. Maofisa wa kilimo na mifugo waliuona mmomonyoko wa udongo kuwa tatizo kuu la wilaya, na chini ya mpango wa maendeleo wa Mbulu ulioendeshwa baada ya Vita Kuu ya Pili walifyeka vichaka ili kuondoa mbung'o, wakafungua maeneo mapya ya makazi na kuwalazimisha wafugaji kupunguza mifugo. Sambamba na kazi hiyo ilikua nadharia iliyodumu kwa miongo mingi, kwamba Wairaqw wa kitovu cha Kainam, kinachojulikana pia kwa jina la Mama Isara, walijifunza kulima kwa bidii, kwa kutumia samadi, matuta na mabonde yenye unyevu, kwa sababu tu walizingirwa na Wamaasai na kukosa pa kwenda. Nadharia hiyo ilimfanya mkulima aonekane kama mateka wa mazingira yake, na kwa muda mrefu haikupata mtu wa kuihoji.

Dhima: kutoka London hadi Mlimani

Chuo cha kwanza cha elimu ya juu nchini kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, katika jengo la chama cha TANU la mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, maana yake ni kwamba mitaala na shahada zilithibitishwa huko, na kilianza na wanafunzi 13 wa sheria, miongoni mwao mwanamke mmoja, Julie Manning, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Sheria. Mwaka 1963 kiliunganishwa na Makerere na Nairobi katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, mwaka 1964 kikahamia kilima cha Ubungo kinachoitwa Mlimani, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa sheria ya Bunge, Julius Nyerere akiwa mkuu wake. Kaulimbiu yake ikawa Hekima ni Uhuru.

Dhima ya chuo hicho haikuandikwa na wasomi peke yao. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yaliwataka wahitimu watumikie nchi kwa sehemu tu ya mshahara. Rais Nyerere aliwarudisha makwao wanafunzi karibu 400, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe. Miezi michache baadaye lilitangazwa Azimio la Arusha, tamko la siasa ya ujamaa, na Machi 1967 ukaitishwa mkutano wa kujadili nafasi ya chuo katika Tanzania ya kijamaa. Kutokana na mjadala huo yaliingizwa masomo ya maendeleo kwa wanafunzi wote, na mwaka huohuo wa 1967 ilianzishwa ofisi ya kutathmini rasilimali na matumizi ya ardhi, iliyojulikana kwa kifupi kama BRALUP, ambayo baadaye ilikuwa Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali. Historia nayo iliandikwa upya. Chini ya Terence Ranger, Isaria Kimambo na wenzao, na baadaye Walter Rodney, aliyechapisha mwaka 1972 kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika, idara ya historia ilidai kwamba Mwafrika alikuwa mtendaji katika historia yake. Kwa dai hilo, mkulima wa Kainam aliyeelezwa kama mateka alistahili kuulizwa upya habari zake.

Udahili: nani alipanda kilima

Idadi ya wanafunzi ndiyo takwimu inayosomwa haraka kuliko zote, lakini maana yake hubadilika kulingana na njia ya kuingilia. Katika miaka ya 1960 njia hiyo ilikuwa nyembamba mno kwa kijana wa Mbulu, kwani ilipitia shule chache za msingi za serikali za mitaa na misheni, kisha shule za sekondari ambazo nyingi zilikuwa mbali na wilaya yake, kisha kidato cha sita, ambacho kwa nchi nzima kilikuwa na watu wachache. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliibadilisha njia hiyo kwa makusudi. Halmashauri Kuu ya TANU iliamua kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwaka 1977, na kwamba mhitimu wa kidato cha sita asiende chuoni moja kwa moja, bali kwanza afanye kazi na apate mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Nia ilikuwa kumleta chuoni mtu mzima aliyeonja maisha ya wananchi. Matokeo ambayo hayakutarajiwa yalikuwa kushuka kwa idadi ya wanawake, ambao wengi wao waliolewa na kuanza kulea katika miaka hiyo ya kazi, hata ikabidi waondolewe sharti hilo.

Upanuzi ulikuja kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa chuo kugawanyika: kitivo cha kilimo cha Morogoro kiligeuka kuwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mwaka 1984, na kitivo cha tiba cha Muhimbili hatimaye kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kufundisha kwa masafa, kilifungua vituo mikoani, hivyo mwalimu wa shule ya msingi wa Mbulu aliweza kusomea shahada bila kuacha darasa lake. Njia ya pili ilikuwa fedha na shule. Uchangiaji wa gharama uliingia katika miaka ya 1990. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kazi mwaka 2005, mwaka uleule ilipoundwa Tume ya Vyuo Vikuu. Na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, uliojulikana kama MMES, ulijenga kuanzia mwaka 2004 shule za sekondari za kata karibu kila mahali. Chuo kilichoanza na wanafunzi 13 kikawa na makumi ya maelfu, na mtoto wa kata kama Bashay akawa na shule ya sekondari anayoifikia kwa miguu.

Hata hivyo, udahili mkubwa wa shahada ya kwanza hauleti wenyewe utafiti. Mtafiti huandaliwa katika shahada za juu, yaani uzamili na uzamivu, na hapo ndipo Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela ilipokusudiwa kuziba pengo. Taasisi hiyo iliyoko Tengeru, Arusha, ilidahili wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2011 na hufundisha shahada za juu tu. Kwa wenyeji wa Mbulu, hicho ndicho chuo kikuu cha umma cha utafiti kilicho jirani nao zaidi.

Utendaji: ngano, ardhi na hukumu

Kipimo cha tatu, utendaji, kinaonekana vizuri katika kisa cha ngano ya Hanang. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, lililoitwa NAFCO, lilianzisha kwa msaada wa Kanada mashamba makubwa ya ngano katika tambarare za Basotu, na hatimaye mashamba saba, yakiwemo Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda na Gawal, yalichukua takriban ekari 100,000. Kwa vigezo vya agronomia, yaani sayansi ya mimea ya shambani, mradi ulikuwa na mbegu zilizojaribiwa, mashine za kisasa na wataalamu wenye shahada. Walichokosa wataalamu hao ni ufahamu wa matumizi ya ardhi waliyoikuta. Wabarbaig walikuwa na mfumo wa kuhamisha mifugo kwa majira kati ya aina kadhaa za malisho, na tambarare zenye rutuba walizoziita muhajega ndizo zilizobeba uzito wa mfumo wote katika msimu wa mvua. Ramani ilionesha pori tupu. Kwa mfugaji, sehemu hiyo ilikuwa mhimili wa mwaka mzima. Mtafiti Charles Lane, aliyeishi na Wabarbaig na kuchapisha kitabu chake mwaka 1996, alieleza jinsi kupotea kwa sehemu hiyo ndogo ya ardhi kulivyoharibu thamani ya sehemu kubwa iliyobaki.

Mgogoro huo ulifika mahakamani. Halmashauri ya kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji 67 waliishitaki NAFCO, wakashinda katika Mahakama Kuu, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilitengua ushindi huo, ikisema kwamba kuandikishwa kwa kijiji peke yake hakukuipa halmashauri umiliki wa ardhi, na kwamba wanakijiji walio wengi hawakuthibitisha haki yao ya kimila. Hukumu hiyo iliingia katika mafunzo ya sheria ya ardhi. Januari 1991 serikali iliunda Tume ya Rais ya Uchunguzi wa Masuala ya Ardhi chini ya uenyekiti wa Issa Shivji, profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nayo tume ikafanya mikutano 277 ya hadhara katika vijiji 145 na maeneo 132 ya mijini kabla ya kukabidhi ripoti yake mwaka 1992. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haikukubali pendekezo la msingi la tume, lile la kuiondoa milki ya juu ya ardhi mikononi mwa Rais, lakini ilitambua haki za kimila na kuweka hati ya kuzithibitisha. Chini ya sheria hiyo, mwaka 2011 Wahadza wa Yaeda Chini, Mbulu, walipewa hatimiliki ya kimila ya pamoja, hatua iliyokuwa mpya kwa jamii ya wawindaji na waokota matunda.

Katika muhtasari wa utendaji, kazi kama ya tume ya Shivji haina safu yake. Haikuwa makala ya jarida wala mradi ulioleta fedha za kigeni, lakini ilichukua malalamiko kutoka vijijini na kuyafikisha mbele ya serikali kwa lugha ya sheria. Hiyo ilikuwa dhima ya mwaka 1967 iliyotekelezwa kwa vitendo, robo karne baada ya kutamkwa.

Swali linapoulizwa na mwenyeji

Badiliko jingine lilitokea ndani ya taaluma zenyewe. Yusufu Lawi, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika tasnifu yake ya uzamivu, iliyokamilika mwaka 2000, kuhusu maarifa ya wenyeji na matumizi ya maliasili katika nchi ya Wairaqw tangu mwaka 1900 hadi 1985, akitumia pamoja na nyaraka za serikali simulizi za wazee na slufay, yaani dua ndefu zinazoghaniwa na wazee katika mikutano na sherehe. Katika makala aliyochapisha mwaka 2007, alionesha kwamba Operesheni Vijiji, ile ya kuwahamishia watu katika vijiji vya pamoja, ya mwaka 1974 hadi 1976 katika mashariki ya nchi hiyo haikuhamisha nyumba tu, bali iliwatenga watu na mandhari ambayo kila kilima, kijito na kichaka chake kilikuwa na maana katika maamuzi yao ya kulima, kuchunga na kuabudu. Miaka mitatu kabla yake, Lowe Börjeson wa Chuo Kikuu cha Stockholm aliichambua ile nadharia ya kuzingirwa na kuikuta haina mashiko, kwa kuwa kilimo cha Mama Isara kilijengwa hatua kwa hatua kwa kazi ya kila siku ya kaya, na hofu ya Wamaasai haitoshi kukieleza. Hivyo maelezo yaliyomdhalilisha mkulima wa Mbulu kwa zaidi ya nusu karne yaliondolewa na utafiti, ingawa kazi zote mbili ziliandikwa kwa Kiingereza.

Mavuno ya karibuni yametoka mahali ambapo si chuo kikuu hata kidogo. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa na Wanorwe mwaka 1955 katika kona ya magharibi ya Mbulu, ilikuwa kituo kimojawapo kati ya vituo vya nchi nane katika utafiti wa MAL-ED, ulioanza mwaka 2009 kufuatilia watoto tangu kuzaliwa ili kuelewa uhusiano wa vimelea vya tumboni, lishe na udumavu, yaani kimo kifupi kuliko umri. Utafiti uliofuata hapohapo, uliohusisha watoto 1,188, ulijaribu kama dawa za kuua vimelea na vitamini zingeongeza kimo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionesha kwamba hazikusaidia. Jibu la hapana kama hilo lina thamani kubwa kwa mzazi na kwa serikali, kwa sababu linazuia fedha na matumaini kupelekwa pasipofaa. Mradi mwingine uliokulia Haydom, wa kuboresha huduma za uzazi salama kwa kuwafundisha wakunga kazini mara kwa mara na kutumia vifaa rahisi vya kumsaidia mtoto kupumua, ulitekelezwa katika hospitali na vituo 30 vya mikoa mitano, Manyara ikiwemo. Taarifa yake ya mwaka 2025 ilionesha kwamba vifo vya watoto wakati wa uchungu na katika saa 24 za kwanza vilipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa.

Kazi hizo zilifanywa kwa ushirikiano na vyuo vikuu vya nje, vikiwemo Virginia cha Marekani katika utafiti wa watoto na Stavanger cha Norwe katika huduma za uzazi. Machapisho yake huhesabiwa katika mihtasari ya vyuo hivyo, ilhali watoto waliopimwa, mama waliohojiwa na wahudumu waliotembea kaya kwa kaya ni wa Mbulu. Vivyo hivyo kwa Wahadza, ambao tangu utafiti wa James Woodburn wa miaka ya 1950 wamekuwa miongoni mwa watu wanaochunguzwa zaidi duniani, hata kiasi cha nishati ambacho miili yao hutumia kwa siku kikapimwa na kutangazwa mwaka 2012. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, hutoa vibali vya utafiti na hivyo serikali hujua nani ameingia kijijini. Ni vigumu zaidi kwa kijiji chenyewe kujua kilichopatikana.

Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonesha kwamba kila kipengele cha muhtasari kilichobadilika kilibadilika pale tu watu wa nje ya chuo walipodai kibadilike. Dhima ilibadilika kwa Azimio la Arusha, udahili ukabadilika kwa Musoma, kwa mikopo na kwa shule za kata, lakini kipimo cha utendaji bado kinafuata mizani ya machapisho na fedha za miradi, ambayo haikutungwa kwa kuzingatia Mulbadaw wala Haydom. Mabaraza ya vyuo na Tume ya Vyuo Vikuu vina uwezo wa kuirekebisha mizani hiyo kwa sharti jepesi: kila utafiti uliofanyika katika kijiji chochote uambatane na ripoti fupi ya Kiswahili iliyosomwa katika mkutano wa hadhara wa kijiji hicho na kuhifadhiwa katika ofisi ya kata, na idadi ya ripoti hizo iandikwe katika muhtasari wa mwaka, pembeni ya idadi ya wanafunzi na machapisho. Mpaka hapo, chuo kikuu cha utafiti kinaweza kuwa na takwimu nzuri Mlimani na kubaki na deni Bashay.